Kishimo cha Kidole Gumba

Lyon, Jumapili, 14 Januari 2018

Babu Anthelme,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si Bibi, wala padri, ambaye kwa kawaida ndiye huambiwa. Nakuambia wewe kwa sababu uko mbali na simu yako ni pambo. Lakini salamu kwanza.

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama bado yuko kwenye zamu hospitalini na nyumbani tunamwona akiwa amelala. Bibi, dada yako, hajambo ila goti. Krismasi alipika kadoni, ile mboga ya mashina, kwa uboho wa ng'ombe, akasema zimeharibika, akala sahani mbili. Mimi naendelea na shule. Mwalimu wa historia ameandika kwenye ripoti yangu kwamba Blandine "hushiriki darasani kwa macho". Mama aliona ni sifa.

Sasa jambo lenyewe. Unakikumbuka kile kishimo kwenye jiwe la kisima uani kwetu, upande wa kushoto, kinachotosha kidole gumba? Miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka kumi na minne, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mzunguko nasoma kitabu. Kundi la watalii la Jumamosi likaingia kutoka kwenye ujia unaokatiza nyumba yetu toka mtaa wa juu hadi wa chini, wakiambizana "kimya, watu wanaishi humu" kwa sauti iliyowaamsha watu wanaoishi humu. Mama mmoja mwenye kofia akaniuliza kishimo kile ni cha nini. Jibu lilikuwa "sijui". Ni neno fupi. Lakini walikuwa watu ishirini na wote waligeuka kunitazama, uso ukaniwaka, na mdomo ukasema peke yake:

"Wafumaji wa hariri walikuwa wanaweka kidole gumba hapo kabla ya kwenda kazini. Wanahesabu mpaka saba, kimya. Ili uzi usikatike siku hiyo."

Bwana Corentin, yule mwongoza watalii mwenye mwavuli wa kijani aliyechukua nafasi yako, alikuwa nyuma yao. Jumamosi iliyofuata nilimsikia kutoka dirishani akisimulia hayo hayo, ila wafumaji wangu walikuwa wamepewa karne, ya kumi na sita, na ile saba ilikuwa na maana tatu. Sasa watu wanapanga foleni kuweka kidole. Mwezi uliopita bwana mmoja alirudi kulalamika kwamba aliweka kidole mwezi wa nane na mpaka leo hajapata mke.

Ningeweza kuendelea kucheka, lakini Bi Vuillermoz, mwenyekiti wa chama cha mtaa, ametangaza kwamba kishimo kitawekewa kibao cha shaba. Kitazinduliwa Jumamosi tarehe 16 Juni. Na kwa kuwa mahali penye kibao ni kivutio rasmi, mlango wetu wa ujia, ambao kwa makubaliano na manispaa huwa wazi asubuhi mpaka saa sita, utakuwa wazi mpaka saa moja jioni. Bibi amesema siku hiyo ikifika yeye anahamia nyumba ya wazee kule Villefranche. Si maneno tu. Fomu ziko juu ya kabati la vyombo na ameshajaza jina.

Bibi hajui kwamba ni mimi. Babu, ofisini kwa chama wana picha yako ukutani, umeshika kofia. Uliwaongoza watalii mtaa huu miaka thelathini na moja na kila mtu anasema hukuwahi kuwadanganya hata kwa tarehe. Ukiandika mstari mmoja kwamba kishimo si cha wafumaji, watakuamini. Mimi siwezi kusimama mbele ya watu. Unanijua; mkate naununua kwa kunyoosha kidole.

Na tafadhali niambie kishimo kilitokana na nini hasa. Nilimuuliza Bibi akasema, "Liulize jiwe." Nikamuuliza pia kuhusu siku ile miaka tisa iliyopita, mlango wa ujia ulipofungwa wewe ukiwa ndani na watalii ishirini na wawili, na wewe ukahama Lyon mwezi huo huo. Akasema ulifungwa na upepo.

Mjukuu wako,
Blandine


Le Havre, 9 Februari 2018

Blandine, mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, mkavu kiasi. Hapa mvua inanyesha kutoka pembeni, ndiyo maana hakuna anayenunua mwavuli wa maana. Msalimie mama yako akiamka.

Unajua kwa nini nilichagua mji huu? Ulibomolewa wote vitani ukajengwa upya kwa zege. Nilisema hapa hakuna jengo lililonizidi umri, hakuna atakayesimama chini ya dirisha langu na kuinua mwavuli. Mwaka wa kwanza tu, naamka asubuhi, nasikia chini: "Na sasa tazameni jinsi zege hili lilivyopangwa." Watu thelathini wanatazama jiko langu. Kumbe zege nalo ni urithi wa dunia. Nikifa watanipaka chokaa na kuniandikia mwaka.

Sasa kuhusu wafumaji wako. Hongera kwa uongo, lakini ungeufanyia utafiti kidogo. Mfumaji wa hariri alitunza vidole vyake kuliko unavyotunza vitabu vyako. Ngozi ikikwaruzwa kidogo tu, uzi unanasa na kitambaa kinaharibika. Ati aamke asubuhi aende kusugua gumba kwenye jiwe la chokaa, kisha aguse hariri? Angefukuzwa kabla hajafika saba. Na huyo Corentin ana cheti cha uongozaji ukutani. Nimekaa kwenye kiti nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mweleze kwamba mimi nimelisema hilo. Au usimweleze.

Kuhusu kuwaandikia chama: mkono wa kulia unaniuma siku hizi.

Kuhusu kishimo: kishimo ni kishimo. Jiwe letu ni laini.

Kuhusu upepo: mwambie bibi yako kwamba upepo ule ulikuwa na ufunguo.

Kula vizuri.
Babu yako, Anthelme


Lyon, 18 Februari 2018

Babu,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Ni vizuri kwamba maumivu yalisubiri umalize kurasa mbili.

Tumemaliza msimu wa bugne, yale maandazi membamba ya kabla ya Kwaresima. Bibi alikaanga beseni zima Jumanne ile, sukari ikaruka mpaka kwenye paka wa jirani. Alitenga sahani moja akaifunika kwa kitambaa. Nilipouliza ni ya nani akasema ni ya yeyote atakayekuja. Hakuja yeyote. Alhamisi nilizila mimi, zilikuwa ngumu kama vigae. Mama anakusalimu, aliamka dakika kumi.

Nilimpa Bibi ujumbe wako kuhusu ufunguo. Aliendelea kukunja mashuka. Baada ya shuka la tatu akasema, "Bado ana mdomo, kumbe." Nilidhani hiyo ni nafuu, kwa kuwa kwa kawaida jina lako likitajwa huwa anakumbuka kitu jikoni.

Bwana Corentin anazidi. Sasa anawaambia watu waweke gumba la kushoto kwa mapenzi na la kulia kwa kazi. Jana nilimsikia mzee mmoja akimuuliza mkewe, "La kustaafu ni lipi?" Mkewe akamwambia, "Wewe weka yote mawili, ulivyo mvivu."

Nina swali lingine. Kuna hadithi ya pili anayoisimulia pale uani, na hiyo sikuitunga mimi. Anasimama chini ya ngazi na kusema kwamba mwaka 1561 binti wa mfanyabiashara wa hariri alisimama pale na gauni la harusi siku tatu akimsubiri bwana harusi aliyekwenda zake Italia, na kwamba wenyeji bado husikia gauni likiburuzika. Mimi ni mwenyeji. Ninachosikia ni mashine ya kufulia ya ghorofa ya pili. Lakini Bibi, kila Bwana Corentin anapofika "gauni la harusi", anafunga dirisha. Hata Agosti, na humu ndani ni tanuri. Je, hii ni yako?

Kibao kinatengenezwa. Nimeona mchoro, una mkono.

Nahitaji ule mstari mmoja, Babu. Naweza kukuandikia mimi, wewe utie sahihi kwa mkono wa kushoto.

Blandine


Le Havre, 25 Machi 2018

Mjukuu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mafua, na kisha sikuwa nayo lakini nilikuwa nimeshazoea kutoandika. Nafurahi kusikia mama yako aliamka. Zile bugne ungezichovya kwenye kahawa.

Nitakuambia kuhusu kishimo, maana usiponiacha nitaishia kuhama tena, na baada ya hapa kuna bahari tu.

Ni makokwa ya aprikoti. Mwaka 1951 mimi nilikuwa na miaka saba, dada yangu Philomène kumi. Mtu akila aprikoti alibaki na kokwa, na kokwa ukilisugua kwenye jiwe upande mmoja, kisha upande wa pili, linatoboka. Unachokoa mbegu kwa sindano, unaweka mdomoni, unavuta pumzi, na hapo una filimbi. Watoto wote wa mtaa walisugua popote, kwenye vizingiti, kwenye ngazi za kanisa. Sisi wawili tulisugua hapo kisimani, mahali pale pale, misimu minne au mitano, mpaka jiwe likalika. Mimi nilikuwa na haraka, zangu zilipasuka. Zake zililia mpaka ng'ambo ya mto Saône. Mama yetu alimwita mwizi wa usingizi.

Basi, hiyo ndiyo siri ya wafumaji. Watoto wawili wenye mate na juisi ya aprikoti. Nadhani Bi Vuillermoz hatataka kuichonga kwenye shaba.

Hadithi ya yule bibi harusi siikumbuki vizuri. Miaka mingi. Waongoza watalii wanaokotaokota vitu.

Kuandika kwa chama sitaandika. Usiniulize tena sababu, na usiniambie ni mkono. Bibi yako anaweza kusema mwenyewe ya aprikoti akitaka. Alikuwepo.

A.


Lyon, 8 Aprili 2018

Babu,

Shikamoo. Hatujambo. Goti la Bibi linapanda ngazi kwa kusimama mara mbili badala ya tatu. Nimepata alama kumi na saba kati ya ishirini kwenye insha ya historia, juu ya namna ya kupima ushahidi. Usicheke.

Asante kwa makokwa. Nimekaa karibu na kisima jioni nzima nikikitazama kile kishimo, na kwa mara ya kwanza nimeweka kidole. Gumba langu ni dogo kwake.

Bibi hatasema. Nilimwendea na habari za aprikoti, kwa mzunguko, nikiuliza bei zake sokoni. Akaniambia msimu bado. Nikasema nimesikia zamani watoto walikuwa wanatengeneza filimbi. Akasema zamani watoto walikuwa na kazi. Kisha akatazama kile kishimo kutoka dirishani muda mrefu kuliko mtu asiye na habari nacho.

Babu, Jumatano mama alinituma stoo ya chini kutafuta feni, nikakuta sanduku lako. Sikuvunja kitu, kamba ilikuwa imeoza yenyewe. Mna madaftari yako ya kazi, kumi na manne, yamepigiwa mistari kwa rula. Kila tarehe ina chanzo chake pembeni. Kila boriti ina vipimo. Nilijivunia, nikaendelea kusoma mpaka daftari la kumi na moja. Ukurasa wa bibi harusi hauna chanzo. Umeandika kwa penseli, "ua wetu, ngazi, bwana harusi hakuja, 1961". Halafu ile tisa umeifuta, juu yake ukaandika tano kwa wino.

Tarakimu moja tu. Mimi nilihitaji wafumaji wazima.

Mwaka 1961 Bibi alikuwa na miaka ishirini. Najua aliolewa na Babu Marius mwaka 1965, kwa hiyo huyu aliyekwenda Italia si yeye. Sasa naelewa dirisha. Naelewa hata upepo. Siku ile mwaka 2009 alikuwa dirishani, si ndiyo? Akakusikia.

Sijamwambia mtu. Siri zangu sasa ni mbili na sina kabati la kuziweka. Tafadhali nijibu.

Blandine


Lyon, 6 Mei 2018

Babu,

Shikamoo. Hujajibu. Nimeuliza posta kama kuna mgomo, wakasema si wiki hii.

Habari ni hizi. Kibao kimefika ofisini kwa chama. Vipeperushi vimetoka, na kishimo chetu kiko ukurasa wa mbele, kimepigwa picha kwa karibu sana kiasi kwamba kinafanana na pango. Bi Vuillermoz alikuja kumwomba Bibi kiti kwa ajili ya sherehe.

"Kiti cha nani?" Bibi akauliza.

"Cha mgeni rasmi, mama. Na wewe mwenyewe utakuwa mgeni wetu wa heshima, mkazi mkongwe kuliko wote."

"Niwekewe na mimi kibao?"

Bi Vuillermoz akacheka kama mtu anayeifikiria.

Alipoondoka, Bibi alitelemsha zile fomu za Villefranche, akavaa miwani, akatia sahihi kurasa zote tatu. Anasema anazipeleka mwenyewe Jumatatu baada ya sherehe. Ameanza kugawa sahani. Mimi nimepewa ile ya buluu yenye ufa, ambayo nadhani ndiyo ilikuwa na bugne zako.

Sikuombi tena uandike kuhusu wengine. Andika kuhusu mimi tu. Waambie Blandine Perrachon ni mwongo.

B.


Le Havre, 2 Juni 2018

Blandine,

Sina salamu nzuri leo, nisamehe.

Ndiyo. Alikuwa dirishani.

Ilianza siku ya baridi, watu wamechoka, nawaeleza boriti na wanapiga miayo. Nikatazama ile ngazi, mdomo ukasema peke yake. Unaijua hali hiyo. Mama mmoja alilia. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kulia kwa ajili ya boriti. Wiki iliyofuata nikasimulia tena, nikaongeza siku, nikaongeza Italia. Kila mara niliangalia kwanza kama dirisha lake limefungwa. Miaka miwili nilikumbuka kuangalia, siku moja nikasahau.

Hakunigombeza. Alishuka, akafunga mlango wa juu, akafunga wa chini, akapanda ngazi akipita katikati yetu bila kunitazama. Tulikaa humo dakika arobaini. Ishirini na wawili, wote wakinitazama mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mwavuli.

Sasa unaona kwa nini siandiki. Nikisema umetunga, wataniuliza mtaani pale uongo ulianza na nani, na jibu langu lina jina lake ndani. Nilishamtoa mbele ya watu mara moja bila ruhusa. Sitamtoa mara ya pili, hata kwa nia njema. Na wewe usimtoe.

Kama atakwenda Villefranche, niandikie namba ya chumba. Basi.

A.


Lyon, Jumapili, 17 Juni 2018

Babu Anthelme,

Shikamoo. Hatujambo wote. Mama ameamka tangu jana na anakataa kulala tena asije akapitwa na mengine. Goti la Bibi nitalieleza mahali pake.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikaificha ndani ya kamusi, mahali ambapo humu ndani hakuna mtu atakayeitafuta. Nilikuahidi kimoyomoyo kwamba sitamtaja Bibi. Sikumtaja.

Jana saa nne asubuhi uani palikuwa na watu kumi na tisa, na Bi Vuillermoz, na Bwana Corentin aliyekuja na mwavuli mpya. Kibao kilikuwa kimeshapigiliwa, kimefunikwa kitambaa cheupe. Dirisha la Bibi lilikuwa limefungwa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya ujia, na nilijijua vizuri: nikianza kusema huku mlango uko wazi, nitakimbia, na nitakimbia mpaka Marseille. Kwa hiyo nilikwenda nikafunga mlango wa juu kwa ufunguo wangu, nikarudi nikafunga wa chini. Halafu nikapita katikati ya watu mpaka kisimani. Sikuwa na wazo la kukuiga, wala la kumwiga yeye. Nilitaka tu nisiwe na pa kwenda.

Bwana Corentin alikuwa amefika kwenye nyuzi za hariri. Nikasema, "Si kweli."

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii ilitoka kubwa mno, ikagonga kuta zote nne.

"Si kweli. Nilitunga mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niliulizwa, nikaona aibu kusema sijui."

Bi Vuillermoz akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Mtoto, una homa?"

"Sina. Wafumaji wasingegusa jiwe kabla ya kugusa hariri. Vidole vingekwaruzika, uzi ungenasa. Mtu yeyote anayejua kazi ile anajua."

"Bwana Corentin?" akauliza Bi Vuillermoz.

"Haya ni mapokeo ya mdomo," akasema Bwana Corentin.

"Mdomo wenyewe ni huu hapa," nikasema.

Watu wakacheka, na sikufa. Mama mmoja akalalamika kwamba mwaka jana yeye alihesabu mpaka saba na wiki ile ile akapata kazi, sasa aielewe vipi. Mumewe akamwambia aliipata kwa sababu aliiomba. Bi Vuillermoz akaniuliza, kwa sauti ya ofisini, kama si wafumaji ni nani. Nikasema watoto wawili wa humu ndani, waliosugua makokwa ya aprikoti kutengeneza filimbi.

"Watoto gani? Kuna shahidi?"

"Mmoja yuko Le Havre," nikasema.

"Na wa pili?"

Niliwatazama wote na wao wakanitazama, uso ukawaka kama siku ile, ila mdomo haukusema kitu peke yake.

Dirisha likafunguliwa.

"Wa pili ni mimi," akasema Bibi. "Na yangu ndiyo iliyokuwa inalia. Za kaka yangu zilipasuka zote."

Wote wakainua vichwa. Babu, alikuwa na aproni, na mkononi kisu cha kumenyea viazi.

"Na wewe mwenye mwavuli," akaendelea. "Usiondoke. Yule bibi harusi wako. Si 1561, ni 1961, mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi. Bwana harusi aliitwa Régis na alikuwa na meno mabovu. Hakwenda Italia, alikwenda Saint-Étienne. Na sikusimama siku tatu. Nilisimama saa mbili, nikasikia njaa, nikapanda juu nikala. Gauni nililigeuza mapazia. Ndiyo haya."

Akayashika akayatikisa.

Bwana Corentin akatoa daftari lake.

"Usiandike," akasema Bibi, na yeye akalirudisha mfukoni.

Bi Vuillermoz alijaribu kutoka mlango wa chini, kisha wa juu, akarudi akiwa mwekundu. "Nani kafunga mlango?"

Nilifungua mdomo nikiri na hilo pia.

"Upepo," akasema Bibi kutoka juu.

Alishuka ngazi zote bila kusimama hata mara moja, akapita katikati yao, akawafungulia yeye mwenyewe. Aliwaaga mmoja mmoja kama watu waliotoka mazishini. Kibao kiliondolewa saa saba na fundi yule yule aliyekipigilia, naye alisema maishani mwake hajawahi kulipwa kwa kazi rahisi namna hii. Mlango unabaki vilevile, mpaka saa sita. Bi Vuillermoz anasema chama kitakutana kunijadili. Nimemwambia nitakuja. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Bibi hakuniuliza nilijuaje mambo ya hariri. Jioni alimenya viazi vilivyobaki, na maganda aliyamwaga juu ya zile fomu, akazikunja zote pamoja na sahihi zake akatupa. Kisha akadai sahani zake zirudi. Ile yenye ufa amesema nibaki nayo kwa muda.

Leo asubuhi alikwenda sokoni ukingoni mwa mto. Aprikoti za kwanza zimefika, ndogo na chungu, za bei ya dhahabu. Alinunua moja. Muuzaji akamuuliza kama ni kwa ajili ya mgonjwa. Aliila akiwa amekaa kisimani, na kwa saa nzima alisugua kokwa lake pale pale, mbele ya Wajerumani wawili waliomwomba ruhusa ya kupiga picha na kukataliwa. Sasa kokwa liko ndani ya bahasha hii. Sikuambiwa niliweke. Liliachwa juu ya meza, karibu na karatasi yenye anwani yako, halafu Bibi akasema anakwenda kulala, saa nane mchana, jambo ambalo halifanyi.

Alipofika mlangoni akageuka. "Bado anakoroma?"

"Sijui," nikamjibu. Ni neno fupi.

"Chumba cha nyuma kuta zake nene," akasema, akaenda.

Kabla ya kufunga barua nimelijaribu kokwa mara moja, nisamehe. Linalia. Chumbani kwa Bibi kitanda kimelia pia. Nimelifuta, nimelifunga kwa pamba, nimelitia kwenye bahasha. Halafu nimekwenda chumba cha nyuma, nimeshusha masanduku yaliyokuwa juu ya kitanda, nimefungua dirisha, na nimetandika shuka.

Blandine